Muundi wa Siku ya Saba

Muundi wa kondoo hauivi kwenye jiko la mtu mmoja. Hili nililijua Gombani, kando ya mji wa Chake Chake, mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika chumba cha kupanga chenye kitanda cha kamba, kiti kimoja na jiko la mafuta ya taa lililokohoa kila nilipoliwasha. Jiko lile liliweza chai. Liliweza wali, kama sikuwa na haraka, na samaki wa kukaanga, kama mwenye nyumba hakuwa karibu. Lakini muundi unataka kuni na chungu, na nusu siku ya mtu wa kupita mara kwa mara akaongeza maji na kuonja chumvi. Unataka nyumba, na mimi nilikuwa na chumba.

Kwa hivyo nikawa mtu wa mikahawani. Siku hizi mtu akila mkahawani hakuna anayemgeukia, lakini kwa Pemba ya wakati ule ilikuwa aibu. Mkahawa ulikuwa wa wasafiri, wa wachumaji karafuu waliotoka mbali, na wa wanaume waliokosana na wake zao. Mtu mwenye watu wake alikula kwake, na kama kwake hakuna mpishi, jirani alimletea sahani iliyofunikwa kawa. Mimi pia nililetewa sahani hizo mwanzoni. Nilizirudisha kwa adabu mpaka zikaacha kuja, kwa sababu kila sahani ilikuja na swali lile lile: mkeo yuko wapi?

Mke wangu alikuwa Wawi, kwa wazee wake, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka chumbani kwangu. Alikwenda kama wanavyokwenda wote wenye mimba ya kwanza, kujifungulia mikononi mwa mama yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsindikiza kutoka Wete, tulikokuwa tukikaa, nimebeba kikapu chake cha nguo. Baba mkwe akanikaribisha barazani, tukanywa kahawa, na kahawa haijaisha tukawa tumeshaingia kwenye siasa.

Zama zile zilikuwa za siasa, na aliyeziona hahitaji kuelezwa. Watu walikuwa hawaalikani harusini wala hawazikani. Mimi nilikuwa na kadi ya chama changu, mkwe wangu alikuwa na ya chake, na kila mmoja wetu aliiweka kadi ile karibu na moyo kuliko alivyomweka yule mwanamke aliyekuwa ndani akisikiliza. Mkwe wangu akasema binti yake hatarudi Wete mpaka mimi nibadilishe kadi. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na ulimi mrefu kuliko umri wangu, nikamwambia kadi yangu haibadilishwi kwa mwanamke. Nilisema hivyo hasa, kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi.

Niliporudi Wete nyumba ikanishinda. Nikaomba kazini wanihamishie Chake Chake. Nilikuwa bwana shamba, kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashambani nikitazama mikarafuu iliyokuwa ikifa, na niliwaambia wakubwa kwamba Chake ni katikati, nitafika kila upande kwa urahisi. Kweli ni katikati, na kweli pia iko karibu na Wawi. Lakini zamu ya kukagua mashamba ya Wawi ilipofika, nilimwomba mwenzangu aende badala yangu.

Kilichokuwa kikinila zaidi ni jina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, Micheweni, akiwa na mtoto mmoja tu, mimi. Mke wangu alipokuwa bado nyumbani, hatukujadiliana hata siku moja jina la mtoto, lilikuwepo, likisubiri. Tena mke wangu alikuwa na heshima za kizamani. Jina la baba yangu halikupata kutoka kinywani mwake, kwa kuwa mwanamke hataji jina la mkwewe. Pale Wete palikuwa na muuza samaki aliyekuwa na jina hilo hilo, na mke wangu, ili asilitaje jina la baba mkwe wake, alimwita "bamkwe wa samaki." Akisimama mlangoni na kumwita, "Bamkwe, leo una changu?", mtaa mzima ulicheka, na mzee wa watu akaitika.

Sasa mtoto angezaliwa nyumbani kwa mtu asiyetaka kunisikia. Nani angemzuia kumpa jina lake mwenyewe, au la kiongozi wa chama chake? Zama zile watoto walipewa majina hayo. Nilikuwa nikilala na swali hilo na kuamka nalo.

Basi mtu aliye katika hali hiyo hutafuta la kumshughulisha. Wengine hucheza bao. Mimi nilitafuta muundi.

Nilianza na mkahawa wa Mwarabu mmoja wa Kishihiri pale sokoni Chake. Kahawa yake haikuwa na mfano, na muundi wake pia haukuwa na mfano, kwa ubaya. Alikuwa akiukatakata kwa shoka vipande vitatu, ukitia mkono mdomoni unatoa vijiwe vya mfupa. Nilipolalamika akaniambia kwamba watu wenye njaa hawalalamiki. Nilikuwa na njaa, lakini sikurudi.

Wete nilijua mkahawa uliokuwa na sifa. Kazi ikanipeleka huko, nikaketi, na muundi ukaja kwenye sahani ya bati, mzima, ukitoa moshi. Nyama ilikuwa laini na mchuzi ulikuwa na mdalasini na pilipili manga, kama inavyotakiwa. Lakini alikuwa mbuzi. Mtu wa Micheweni humdanganyi kwa mbuzi. Kule kwenye mawe mbuzi ni wengi kuliko watu. Nikamuuliza mwenye mkahawa kwa nini kaniambia kondoo. Akasema, "Yakhe, kwani alipokuwa hai ulimuuliza?" Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi, na nilipofika chumbani nikakumbuka kwamba sina wa kumsimulia.

Mkoani, karibu na gati, palikuwa na mkahawa ambao wenyeji walisema una kondoo wa kweli kila Alhamisi. Nilipanda gari la abiria asubuhi, nikafika kabla ya adhuhuri. Mwenyewe akanitazama, akaniuliza natoka wapi, nafanya kazi gani, nani ananijua. Maswali yale kila mtu aliyajua maana yake: kadi yako ni ya chama gani? Mwishowe akasema chakula kimekwisha. Chungu kilikuwa nyuma yake, kinachemka, na watu wanne walikuwa wakisubiri sahani zao. Nikanunua ndizi mbili, nikazila nimesimama kusubiri gari la kurudi. Nilimkasirikia sana mtu yule, na ilinichukua miaka kuona kwamba alinifanyia nilichomfanyia mkwe wangu.

Baada ya hapo nikakaa karibu. Gombani, nyuma ya nyumba niliyopanga, palikuwa na Bi mmoja mjane aliyekuwa akipika uani kwake na kuuza barazani: supu ya makongoro asubuhi, wali na mchuzi mchana. Hakuwa na meza. Wateja tuliketi barazani, sahani mapajani. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuamrisha, na siku nyingine baraza ilikuwa imefungwa bila taarifa kwa sababu Bi huyu alikuwa pia mkunga, na uchungu wa kuzaa haungoji supu iive. Nusu ya watoto wa Wawi na Gombani walipita mikononi mwake.

Niliambiwa hivyo siku ya kwanza, na nilipoambiwa nikaacha kula. Kisha nikaendelea.

"Mke unaye?" aliniuliza siku ya pili.

"Ninaye, Bi. Yuko kwao."

"Kwao wapi?"

"Mbali kidogo," nikasema.

Hakuniuliza tena. Lakini alinichokoza kila siku. Nilikuwa nikiigeuza nyama kabla ya kuila, tabia yangu hadi leo, naye akisimama na upawa wake akasema, "Bwana shamba, weye huli nyama, waikagua. Haya, mkarafuu huno una ugonjwa?" Wateja walicheka. Nilimpenda kwa hilo. Kwa miezi minne sauti yake ndiyo pekee iliyonisemesha bila kutumwa na kazi.

Nilimwomba muundi wa kondoo mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa moja. "Muundi hupikiwa watu, baba. Kwa ajili yako weye mmoja mie niwashe kuni kutwa?" Alikuwa na haki.

Siku moja mwenzangu wa kazini alirudi kutoka Wawi, akaning'iniza kofia yake kwenye msumari, akasema bila kunitazama: "Mtoto wa kiume. Mama yake mzima." Alikuwa amezaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Hakuna aliyetumwa kwangu. Mwenzangu alisikia njiani, kama anavyosikia mtu bei ya karafuu. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ghala la mbolea, nikalia.

Nikaanza kuhesabu siku. Siku ya saba mtoto hunyolewa, hupewa jina na huchinjiwa akika, na akika ni juu ya baba. Nilikuwa nimeshampata kondoo. Alikuwa wa jamaa yangu Micheweni, dume jeupe, na mwenzake wa pili, kwa kuwa mtoto wa kiume huchinjiwa wawili. Nilichokuwa nikingoja ni kuitwa tu. Nilijiambia hawatathubutu kufanya bila baba. Kila jioni nilipiga pasi kanzu yangu, na kila asubuhi niliitundika tena.

Siku ya saba ikafika, nikakaa chumbani na kanzu mwilini mpaka adhuhuri ikapita. Hakuja mtu. Nikaivua kanzu, nikavaa shati la kazi, nikaenda kwa Bi, nikiwa sina hamu ya kula wala ya kukaa peke yangu.

Baraza ilikuwa tupu. Bi aliponiona akacheka. "Karibu, mkaguzi. Leo ndo siku yako."

Akaleta sahani ya udongo, akaiweka mwenyewe mapajani mwangu. Ulikuwa muundi wa kondoo. Haukupigwa shoka, ulikuwa umetolewa kwenye kiungo, mzima kuanzia goti, nyama imejikunja juu na kuuacha mfupa wazi chini. Mchuzi ulikuwa mzito, na juu yake mafuta yale ya njano ambayo mbuzi hana. Nilivuta nyama kwa vidole viwili, ikaja yenyewe.

Nataka niseme kweli: ulikuwa mtamu kuliko vyote nilivyokula kabla na baada yake. Nilikula kama mtu aliyefiwa anavyokula siku ya tatu, anapogundua kwamba tumbo lake halikufa. Nilikula na machozi yakinitoka, na Bi alidhani ni pilipili.

"Bei gani, Bi?"

"Hino haiuzwi. Nimepewa. Nikajiuliza ntampa nani, nikakumbuka mtu mmoja tu asokuwa na wa kumpikia."

Sikujua niudhike au nishukuru. Ulibaki mfupa, na ndani ya mfupa uboho, na mimi uboho siuachi. Nikaushika mfupa kwa mkono wa kulia, nikauinua niugonge kwenye ukingo wa baraza.

"Usiugonge!"

Alinidaka mkono kwa nguvu za mtu aliyevuta watoto maisha yake yote. Sahani ikaanguka, ikavunjika.

"Una wazimu? Mfupa wa akika huo! Wauvunja, na mguu wa mtoto je?"

Kila mtu kwetu anajua kwamba mifupa ya akika haivunjwi. Nyama hukatwa kwenye viungo tu, kwa kumwombea mtoto viungo vizima, na mifupa yote hukusanywa ikazikwa. Na mguu mmoja, mbichi, hupewa mkunga. Nilikuwa nayajua yote hayo, na sikuyaweka pamoja.

"Akika ya nani, Bi?"

"Ya kile kichanga cha Wawi nlichokizalisha juma lilopita. Mjukuu wa yule bwana mwenye shamba chini ya msikiti. Maskini, ati babake mtu wa Micheweni, kamtupa mke kwa ajili ya kadi."

Mfupa ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikauliza, "Kapewa jina gani?"

"Sikungoja jina. Nlipewa mguu wangu asubuhi, n'kaondoka."

"Bi," nikasema, "mie ndiye."

"Ndiye nani?"

"Huyo mtu wa Micheweni."

Akaketi palepale chini, kati ya vigae vya sahani. Kwetu mzazi hali akika ya mwanawe. Hata mchuzi wake haulambi. Watu wote huila, jirani, maskini, mpita njia, isipokuwa baba na mama. Na mimi nilikuwa nimekula mpaka nikalamba vidole.

"Astaghfirullah," akasema. Kisha hasira ikamjia. "Miezi mine! Miezi mine wala mkononi mwangu, mie nenda Wawi narudi Wawi, namkanda mkeo tumbo, nawe husemi! Mficha uchi hazai, wasema watu. Weye ushazaa na bado waficha!"

Angeniuliza siku moja tu zaidi, ningemwambia. Lakini hilo lilikuwa kosa langu, si lake.

Akaingia ndani, akatoka na jani la mgomba, akaufunga mfupa na kuukaza kwa kamba. "Bibi wa mtoto kasema mifupa yote irudi kabla ya magharibi. Nlikuwa niupeleke mie." Akanitia furushi lile mkononi. "Haya. Miguu unayo."

Nilitembea kwenda Wawi na shati la kazi lenye doa la mchuzi. Kanzu iliyopigwa pasi kila jioni ilibaki msumarini. Njia nzima nilikuwa nikiupapasa mfupa kupitia jani, kutoka ncha hadi ncha, kuhakikisha haukupata ufa. Tangu siku ile sijagonga mfupa wa mnyama yeyote.

Mkwe wangu alikuwa barazani na wageni wake, masinia matupu mbele yao. Nikatoa salamu. Wageni wakaitika kwanza, yeye mwisho, kwa kuwa salamu lazima iitikiwe hata na asiyekutaka.

"Kumbe njia ya kuja waijua," akasema.

"Nimeleta mfupa wa mkunga, mzee."

Wageni wakatazama mikeka. Mtu anayeleta mfupa wa akika hafukuzwi, na alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. "Mpelekee mama, nyuma ya nyumba," akasema, akageuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya shimo dogo lililochimbwa chini ya ukuta, karibu na dirisha la chumba cha ndani. Mifupa mingine ilikuwa tayari imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akaufungua mfupa wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akaupitisha kidole. Ulikuwa mzima.

"Nani kaula?"

Ningeweza kusema mteja mmoja, na usingekuwa uongo. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. "Mimi, mama. Sikujua."

"Mzazi hali," akasema taratibu. "Wanaokula ni wageni."

"Sikujua, mama."

"Kutojua kwako kushakuwa kwingi, baba."

Akauweka mfupa kwenye kitambaa, akakifunga, akakilaza shimoni. Halafu akasogea hatua mbili, akaniachia nafasi. Nikapiga magoti, nikaanza kusukuma mchanga kwa mikono. Nilitaka kumuuliza jina. Neno lilikuwa limejaa mdomoni, lakini nitamuulizaje mama mkwe jina la mwanangu mwenyewe, na yeye kesho awasimulie wanawake wa Wawi? Hata pale, magotini, nilikuwa na kiburi cha kutosha kuninyamazisha. Nikafukia. Nikasawazisha. Nikaendelea kusawazisha mahali palipokwisha kuwa sawa, kwa kuwa nikisimama ningelazimika kuondoka.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Mzazi wa siku saba hatoki nje wala hafunguliwi upepo. Lakini mbao za dirisha la Pemba hazizuii kitu. Nikasikia kitanda kikilia, kisha sauti ya mke wangu, karibu kabisa na mbao, kwa nguvu ambayo mtu hasemi nayo na mtoto mchanga.

"Nyamaza, bamkwe," alisema. "Nyamaza, bamkwe wangu, nyamaza."

Mama mkwe alitazama pembeni. Mimi nilibaki nimeinama, mchanga mikononi, nikisikiliza. Mtoto hakuwa akilia.